Bembea ya Mtamba Mwekundu

Nyarero,
Jumapili, tarehe 15 Juni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeapa kukueleza yote, na nimeapa mbele ya Mama, kwa hiyo siwezi tena kurudi nyuma. Mama aliposikia naandika alisema, "Mwandikie baba yako mambo mazuri, yuko peke yake huko porini." Nikamwambia mazuri yapo, lakini yamechanganyika na mabaya, na nikiyatenganisha hutaelewa hata moja. Akaenda kukoroga uji. Nimechukulia kwamba amekubali.

Jambo lenyewe ni hili. Baba Mkubwa anataka kuing'oa bembea. Anataka mabomba yake yawe geti la zizi. Tena anasema yule mtamba mwekundu uliyemuuza ili uinunue ni lazima arudi nyumbani, na wa kumrudisha ni mimi, kwa mahari yangu, na haoni sababu ya kungoja nimalize shule. Anasema maneno hayo si yake. Anasema ni yako.

Nitafika huko. Kwanza nataka tukumbuke pamoja tulivyoinunua, kwa sababu watu wa hapa wanaisimulia vibaya, na walioona kwa macho yao ni wewe na mimi tu.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Ulikuwa bado mtunza bustani kwenye kambi ile ya wageni kule Natta, kabla hawajakuhamishia hiyo kambi mpya ndani ya hifadhi. Ulikuja nyumbani, ukamtoa mtamba zizini, ukampeleka mnadani, kisha ukaniambia nivae sweta ya shule twende Natta. Niliuliza kwa nini mimi. Ukasema, "Kuna kijitabu chake. Kimeandikwa Kiingereza. Wewe utakisoma." Sikujua kijitabu cha nini. Njia nzima nilidhani umeninunulia kamusi.

Tulipofika, tulizunguka nyuma ya stoo ya kambi, na hapo kwenye majani marefu ilikuwepo: mabomba ya bluu, bembea mbili za minyororo, ngazi, kijukwaa chenye paa dogo, na mtelezo wa njano uliopauka kwa jua. Kambi ilikuwa imeleta nyingine ya mbao, na hii ilikuwa haitakiwi tena. Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Nilikuwa nimeiona kwenye picha za vitabu, na mara moja kwenye bustani moja Musoma, ambako tulikatazwa kuigusa.

Na wewe, Baba, uliinunua kama mtu anayenunua dume mnadani. Naomba usikatae, nilikuwepo. Uliizunguka mara tatu. Ukaipiga kofi ubavuni, ukasikiliza. Ukainama ukatazama miguu yake mmoja mmoja. Ukatikisa minyororo. Halafu ukamwuliza mtunza stoo, yule mzee Mwikoma mwenye kofia ya sufu, "Ana umri gani huyu?"

Mtunza stoo akakutazama. "Nani?"

"Huyu."

"Mwita, hili ni chuma. Halina umri."

"Kila kitu kina umri. Na kwa nini mnamuuza? Ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Wageni wamechoka rangi yake."

"Hapigi mateke?"

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta wa stoo. "Mfungue mdomo basi umhesabu meno!" Wewe hukucheka. Ulivua buti zako, ukaketi kwenye bembea, mtu mzima mwenye ndevu, ukajisukuma. Ukaenda mbele, ukarudi nyuma. Mara ya nne uliinua miguu. Sijawahi kukuona ukiwa na sura ile, Baba, wala kabla wala baada. Kisha ukasimama, ukavaa buti, ukasema kwa sauti ya biashara kabisa, "Namchukua. Lakini na kamba yake." Mzee akaenda kukuletea kamba ya katani, kwa sababu alishaona hutatoka pale bila kamba.

Na sasa nakumbuka jambo la alama. Hili ndilo lililonifanya nicheke peke yangu wiki hii, wakati sikuwa na la kuchekea.

Kijitabu kilisema kabla ya kufungua bembea, kila bomba lipewe namba yake, ili mtu ajue lilipokuwa. Nilikusomea. Nilikusomea vizuri, polepole, na nikakutafsiria. Ukasema, "Alama? Hiyo kazi naijua." Ukaomba tupa, ukakaa chini ya paa la stoo saa nzima, ukakata alama kwenye kila bomba. Nilikuwa naokota nati nazitia kwenye kopo la rangi, sikukuangalia. Ulipomaliza ulikuwa umejivuna kweli kweli. Nikatazama. Bomba la kwanza lilikuwa na chale mbili upande wa kushoto. La pili, chale mbili upande wa kushoto. La tatu hivyo hivyo. Mabomba yote, na ngazi, hata mtelezo wa plastiki: chale mbili, upande wa kushoto.

Nikasema, "Baba, hizi zote zinafanana."

Ukasema, "Ndiyo. Ni alama ya masikio ya ng'ombe wetu. Hata akipotea njiani atajulikana ni wa kwa nani."

Sikuweza kukueleza. Au tuseme nilikueleza, lakini Fuso la mahindi lilikuwa limeshafika, na dereva alikuwa anapiga honi.

Nakumbuka zaidi tulivyokaa juu ya lile Fuso, mgongo kwenye magunia, miguu yetu juu ya mtelezo usije ukaruka. Ndipo uliponiambia kwa nini. Ulisema umefagia mchanga chini ya bembea ile miaka sita. Ulisema siku moja mtoto wa mgeni, mdogo, hajui Kiswahili wala wewe hujui cha kwao, alikushika kidole akakuvuta mpaka pale, akakaa, akangoja. Ukamsukuma. Akacheka. Jioni yake ukajiuliza, "Wangu nani anawasukuma?" Vumbi lilikuwa jingi na ulikuwa unafuta macho, na mimi nilikubali kwamba ni vumbi.

Nyumbani tulishusha mabomba yote uani, yakalala pale yote ni ya familia moja na hakuna aliyejua nani ni nani. Tuliyapanga siku mbili. Baba Mkubwa alikuja akasimama na fimbo yake, akatazama kijukwaa kilivyosimama juu ya miguu minne.

"Mura, mdogo wangu," akakuambia, "hilo dungu ni la kulindia nini? Huku nyuma hatuna mtama."

"Si dungu, kaka. Ni la watoto kuchezea."

"Watoto wana miguu. Wanachezea miguu."

Ukacheka, naye akacheka. Nataka ukumbuke hilo, Baba, kwamba siku ile alicheka. Hasira alianza nayo aliposikia ni kitu gani kilichoingia mahali pa mtamba.

Na jioni yake, kwa sababu ya zile chale mbili, bembea ilisimama kinyumenyume. Mtelezo ulielekea mlango wa zizi. Marwa wetu, kwa miaka yake mitano, hakungoja mtu. Alipanda, akajiachia, akatua katikati ya samadi mbichi saa ile ile ng'ombe wanaingia. Dume jeusi lilisimama mbele yake likamtazama. Marwa akalitazama. Kisha akasema, "Shikamoo," na dume likapita pembeni. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye hiyo hiyo samadi. Mama alitoka na mwiko mkononi akidhani kuna mtu amekufa. Siku tatu ulikataa kuibadilisha. Ulisema inapendeza hivyo.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa yaliyofuata.

Ulipoondoka Februari kwenda huko, uliniachia spana, ile namba kumi na saba, ukaniambia, "Kaza nati kila mwezi. Wewe ndiye fundi wake." Nimekaza kila mwezi. Nimepaka grisi kwenye vikulabu vya minyororo. Mama anaanika dagaa kwenye mtelezo asubuhi, nimemkubalia, ila saa nane lazima ziwe zimetoka na mtelezo umefutwa, kwa sababu watoto wa majirani wakitoka shule wanapanga foleni mpaka kwenye nguzo ya waya wa kuanikia nguo, na mdogo wangu Weigesa ndiye anayesimamia. Ana miaka tisa lakini anasimamia kama askari wa kituoni. Kila mtu misukumo ishirini, kisha ashuke. Kuku mmoja amechukua kijukwaa kuwa chake na ametagia pale. Tunampisha.

Lakini maneno yapo. Kwenye mashine ya kusaga wanawake wananiuliza, "Gati, bembea yenu mnaikamua saa ngapi?" Wengine wanauliza kama imeshapandwa. Mmoja alimwuliza Weigesa, "Bembea yenu imezaa?" Weigesa akajibu, "Imezaa mapacha, njoo uone masikio yao." Nilimkanya mbele za watu, halafu tulipofika njiani nilimpa nusu ya muwa wangu. Baba, sikuona aibu. Nataka uelewe hivyo. Watu wanadhani wakisema mambo hayo mimi nainamisha kichwa. Nilikuwa naenda na unga wangu kichwani, na mtu mwenye unga kichwani hawezi kuinama.

Baba Mkubwa hakutania. Mwezi wa tano mvua iliozesha mlango wa zizi, fisi akapata njia akaua ndama. Hilo ni kweli na ni hasara, na simlaumu kwa kumlilia ndama wake. Lakini wiki hii alisimama uani, akatazama mabomba ya bluu, akamwambia Mama, "Chuma tunacho. Kimekaa kinabembeza watoto." Akasema Jumamosi atakuja kukichukua.

Mama alisema tu, "Mwenyewe hayupo, shemeji." Akamjibu, "Nikiwepo mimi, mwenyewe yupo." Mama hakuongeza. Wewe unajua jinsi asivyoongeza.

Mimi niliongeza. Nilichukua simu ya Mama nikampigia Shangazi Robi kule Morotonga. Kwako nilijaribu kwanza, mara saba, na hukupatikana. Shangazi nilimweleza kwa ufupi kwa sababu salio lilikuwa dogo: bembea inang'olewa Jumamosi, ni kwa ajili ya mtamba mwekundu. Akauliza, "Mtamba yupi? Mwenye paji jeupe?" Nikasema ndiye. Simu ikakatika.

Jumamosi niliamka kabla ya Mama. Nilinawa uso, nikavaa sweta ya shule, nikachukua kitabu cha Baiolojia, nikapanda kijukwaani. Kuku alinipisha kidogo. Spana ilikuwa mfukoni.

Baba Mkubwa alifika jua likiwa limetoka vizuri. Alikuja na mkokoteni wa kubebea mabomba, na alikuwa amevua koti kwa ajili ya kazi. Alitazama nati, akapapasa mifuko yake, akatazama tena nati. Ndipo nilipoelewa kwamba hapa nyumbani pote spana ya kuzifungua ni moja.

"Gati. Wapi spana ya baba yako?"

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Spana iko wapi?"

"Ninayo."

"Basi shuka nayo."

"Siwezi kushuka, Baba Mkubwa. Spana nimeachiwa ya kukaza. Sikuachiwa ya kulegeza."

Mimi mwenyewe nilishtuka nilivyosema vile. Sijawahi kumjibu mtu mzima namna ile, na ulinifundisha nisijibu. Lakini nilisema kwa heshima. Nilidhani atanitupia fimbo. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ananisaidia:

"Mwanangu, wewe ni msichana mkubwa. Unakaa juu kama nyani, wakwe wakikuona? Shuka. Baba yako alikosea akatoa mtamba wa nyumba. Mimi sikumpiga, sikumshtaki kwa wazee. Unajua kwa nini? Kwa sababu tulisimama pale zizini, akaniambia mwenyewe: Gati yupo, atamrudisha. Mwaka huu, mwakani. Sasa wewe unalinda chuma cha nini? Wewe ndiwe mtamba."

Baba, nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Nilikuwa nimejiandaa kuburutwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilimtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni. Akageuza uso.

Sikushuka. Nilifungua kitabu nikatazama ukurasa. Ulikuwa unahusu moyo, na vyumba vyake vinne, na sikuona herufi hata moja.

Ndipo bodaboda ilipoingia uani, na Shangazi Robi juu yake, amejifunga vitenge viwili na mkoba wake mweusi kifuani, kajaa vumbi. Ametoka Morotonga gizani ili afike. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye bembea, akainama kwenye bomba la mguu, akapitisha kidole juu yake. Chale mbili, upande wa kushoto. Akaenda bomba la pili. Akaenda kwenye ngazi. Alipofika kwenye mtelezo alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Nani ameziweka hizi?"

"Baba," nikasema kutoka juu.

"Zote?"

"Zote. Ndiyo maana tuliisimamisha kinyumenyume."

Akamgeukia Baba Mkubwa. "Kaka, hii alama ni ya ng'ombe wa nani?"

Baba Mkubwa alijua. Na mimi nilijua, kila mtu hapa nyumbani anajua: ng'ombe wa Baba Mkubwa wana chale moja. Wenye chale mbili ni wale waliokuja kwa Shangazi alipoolewa. Ndio waliotoka hapa wakaenda kumwoa Mama, na mmoja aliyebaki ndiye bibi yake mtamba mwekundu. Kila kaka ana dada yake, na huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Nilikuwa nalijua jambo hilo kama ninavyojua kuhesabu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ng'ombe wale wana mwenyewe, na mwenyewe yu hai, anakaa Morotonga na anauguza magoti.

"Ng'ombe zako wewe zilikuja na dada yetu mkubwa," Shangazi akasema, "na ulipooa zilikwenda zote. Hizi ni zangu. Nilizileta hapa nikiwa na umri wa huyu aliyekaa juu. Nilikuwa darasa la sita. Siku waliponichukua nilikuwa nacheza rede na wenzangu pale barabarani, nikaitwa nyumbani, nikaacha mpira wangu wa makaratasi kwenye majani. Nimewahi kuuliza mtu mpira wangu uko wapi?"

Kuku akalia kijukwaani.

"Basi kama Mwita amemgeuza mtamba wangu akawa hiki, nataka nimwone." Akauvua mkoba, akavua ndala, akaketi kwenye bembea. Minyororo ililia. Nilikuwa nimeikaza mwenyewe wiki iliyopita na bado nilifumba macho. Akasema, "Gati, shuka unisukume."

Kwa hilo nilishuka.

Nilimsukuma Shangazi, Baba. Mara ya kwanza hakusogea sana, ni mzito. Mara ya tatu vitenge vilipepea. Mara ya tano aliinua miguu, kama wewe kule Natta, sura ile ile, na nikakumbuka ninyi ni ndugu wa tumbo moja. Weigesa alikuja akasimama pembeni na kuanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa sababu kwake sheria ni sheria. Ilipofika ishirini akasema, "Shangazi, ushuke sasa." Shangazi akasema, "Mtamba ni wangu, nakaa nitakavyo." Mama akacheka. Nilimsikia. Alicheka mlangoni, kwa mkono mdomoni.

Baba Mkubwa alikaa kwenye mkokoteni wake mtupu. Nilimwonea huruma kidogo, nakuambia kweli, maana alionekana kama mtu aliyekuja msibani akakuta harusi. Shangazi aliposhuka, alimfuata akamwambia mbele yetu sote, "Geti la zizi nitakuchangia mbao, kaka, na mume wangu atakuja kulipigilia. Mtamba wangu simdai mtu. Na asimrudishe mtu yeyote."

Baba Mkubwa akasimama, akavaa koti. Akasema, "Wewe huwezi kusamehe kwa niaba ya Mwita. Mtu akitoa neno zizini, ni yeye wa kulirudisha. Mwita alisema Gati atamrudisha. Aseme mwenyewe vingine, na aandike, maana simu siitaki. Likija neno lake, mimi nitalifuata, lolote litakalokuwa." Akachukua mkokoteni wake. Alipofika kwenye njia aligeuka akaniambia, "Na hiyo nati ya nyuma ya kushoto imelegea. Nimeiona." Nilikwenda kuitazama. Ilikuwa imelegea kweli. Nimeikaza.

Kwa hiyo ndiyo maana naandika leo. Shangazi anarudi Morotonga kesho asubuhi na barua hii iko ndani ya mkoba wake mweusi. Atampa dereva wa gari la mboga linalopakia sokoni Mugumu kuja huko kambini kwenu, naye dereva ameahidi kuondoka na jibu lako siku ile ile atakaposhusha kabichi. Usimwambie arudi wiki ijayo. Akingojea chini ya kivuli, mwandikie hapo hapo, hata kwa penseli, hata nyuma ya karatasi hii.

Sasa niseme ninavyojisikia, halafu nikuage.

Kwa siku mbili nimejaribu kukukasirikia na nimeshindwa kukasirika vizuri. Nikifika karibu, nakuona umeinua miguu kwenye bembea. Najua unaweza kuwa ulisema maneno yale ili kaka yako atulie na usiku uishe kwa amani. Watu wazima hutupa maneno zizini kama wanavyotupa majani, ng'ombe wapate cha kutafuna. Lakini hilo jani lilikuwa na jina langu, Baba. Kama ulilitupa, nitakuomba uliokote. Sijui kama mtoto anaruhusiwa kumwomba baba yake jambo kama hilo. Nimeomba.

Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba, na mimi nitaufanya. Nimeshaandika jina langu kwenye madaftari yote ya muhula ujao, hata yale ambayo hayajanunuliwa. Nimeliandika kwenye vipande vya karatasi na nitavibandika. Mimi si mtamba. Sina chale, masikio yangu yote mawili ni mazima, nimeyatazama kwenye kioo cha Mama. Na nikwambie jambo ambalo sikumwambia hata Shangazi: jibu lako litafuatwa na Baba Mkubwa, lolote litakalokuwa. Mimi nitafuata jibu moja tu. Likija jingine nitalia, nitaliweka vizuri ndani ya kitabu cha Baiolojia kwa sababu ni mwandiko wako, kisha nitapanda kijukwaani na spana yangu, na sitashuka.

Lakini nina matumaini. Nimekuwa nayo tangu Shangazi alipoweka kidole kwenye zile chale. Kijitabu kilisema kila bomba namba yake, na nilikusomea vizuri, na wewe si mtu asiyesikia. Jana usiku nililala nikijiuliza kama ulikosea kweli, au ulitaka bembea ijulikane ni ya Shangazi.

Marwa anakusalimia, ameng'oka jino la mbele. Weigesa anasema ukija utapanga foleni kama wengine. Mama hajasema nikuandikie nini, lakini ameweka karanga za kukaanga kwenye mfuko utakaokuja na barua, na amezichambua moja moja. Usiache kufunika kifua asubuhi, tunasikia huko kuna baridi.

Ni mimi, binti yako wa kwanza na fundi wa bembea yako,

Gati.

Swali nimeliweka chini ya jina langu ili usilipite unaposoma. Baba, siku ile mkiwa zizini na Baba Mkubwa, mtamba akiwa ameshaondoka: ulimwahidi kunitoa mimi?